Misuli Bila Kitambi: Wanga Ndio Usukani

Alfajiri moja niliamka nikakuta ujumbe kwenye simu: picha ya mizani, na chini yake maneno machache. "Kocha, nimepanda kilo moja na nusu ndani ya siku nne. Si mafuta haya?" Aliyeandika alikuwa kijana mwembamba niliyekuwa nimemwongezea kilokalori 300 kwa siku, karibu zote za wanga. Alikuwa ameshaamua kurudi kwenye mlo wake wa zamani.

Nilimjibu kwa hesabu, kwa sababu hofu ya namna hii haitulizwi kwa maneno matamu. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina takriban kilokalori 7,700, kwa hiyo kilo moja na nusu inapita 11,500. Yeye kwa siku nne alikuwa ameongeza 1,200 tu. Hata kama ziada yote ingegeuka mafuta bila kupotea hata chembe, isingefika robo kilo. Kilichobaki kwenye mizani kilikuwa maji, glaikojeni na chakula ambacho bado kilikuwa njiani tumboni.

Glaikojeni ndiyo akiba ya wanga mwilini. Ini la mtu mzima huhifadhi karibu gramu 100, na misuli yote kwa pamoja kama gramu 300 hadi 500. Kila gramu hukaa na maji, takriban gramu 3. Kwa hiyo mtu aliyekuwa akila wanga kidogo akiingiza gramu 250 za akiba mpya, mizani itapanda kama kilo nzima kabla mafuta hayajaongezeka kwa kiasi cha kuonekana. Akipunguza wanga, kilo hiyo huondoka haraka vilevile, naye husherehekea kwamba "amekata mafuta". Furaha hiyo na ile hofu ya alfajiri zote zimetokana na maji.

Mwaka 1966 Jonas Bergström na Eric Hultman, watafiti wa Sweden, walijifanyia jaribio kwenye miguu yao wenyewe. Walitumia baiskeli moja ya maabara, mmoja upande huu na mwenzake upande ule, kila mmoja akikanyaga pedali kwa mguu mmoja mpaka akaishiwa nguvu, huku mguu wa pili ukipumzika. Halafu wakala chakula chenye wanga mwingi kwa siku tatu, wakitoa kwa sindano vipande vidogo vya misuli ya mapaja na kuvipima. Mguu uliofanya kazi ulirundika glaikojeni karibu mara mbili ya ule uliopumzika. Mtu alikuwa yuleyule na chakula kilekile. Naupenda utafiti huu kuliko mingi yenye mashine za kisasa, maana unaonyesha kwamba wanga huenda unakoitwa, na anayeuita ni msuli uliofanya kazi.

Lakini tusidanganyane: wanga haujengi nyuzi za msuli. Kinachojenga ni mzigo unaoinua, pamoja na protini unayokula. Kazi ya wanga ni kukuwezesha kumaliza seti ya mwisho kwa nguvu ileile uliyoanzia, na kuizuia protini isichomwe kama kuni. Mazoezi ya kawaida ya uzito hupunguza glaikojeni ya msuli uliofanyishwa kazi kwa kiasi cha robo hadi asilimia 40 hivi. Ni nyingi, ila si tanki tupu. Anayeinua vyuma saa moja kwa siku hana sababu ya kula kama anayejiandaa kwa marathoni.

Kabla ya kuongeza chochote, nataka kujua mteja wangu anasimama wapi sasa. Kuna kanuni ya Mifflin na St Jeor ya mwaka 1990, ya kukadiria kilokalori ambazo mwili hutumia kwa siku. Kwa mwanamume, zidisha kilo zako kwa 10, jumlisha urefu wa sentimita uliozidishwa kwa 6.25, toa umri uliozidishwa kwa 5, kisha ongeza 5. Kwa mwanamke mwisho wake ni kutoa 161 badala ya kuongeza 5. Mwanamume wa kilo 70, sentimita 175 na miaka 25 anapata karibu 1,674, ambazo ni za mwili uliopumzika tu. Ukizidisha kwa 1.5 kwa mtu mwenye shughuli za wastani, unafika kama 2,500.

Namba hiyo kwangu ni dira tu. Ninayoiamini ni ile inayotoka kwenye daftari la wiki mbili: unapima uzito kila asubuhi baada ya kutoka chooni na kabla ya kunywa chochote, na unaandika kila unachokula. Wastani wa uzito wa wiki ya kwanza na ya pili ukiwa karibu sawa, basi kiasi ulichokula ndicho kinachosimamisha uzito wako, kanuni iseme inavyotaka. Na kiandikwe kweli. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia kina takriban kilokalori 120, na vijiko viwili visivyoandikwa vinatosha kuimeza ziada tunayoipanga. Kosa lingine ninalokutana nalo kila mara ni kupima mchele uliokwisha kupikwa halafu kutumia namba za mchele mkavu. Mchele ukiiva hubeba maji na uzito wake huzidi mara mbili, hivyo mtu anajiona anakula kwa wingi wakati anakula chini ya nusu ya alichoandika.

Sasa ziada yenyewe. Kwa watu wengi naanza na kilokalori 200 hadi 300 juu ya kiwango cha kusimamisha uzito, na ni nadra kupita 500. Najua hili haliwafurahishi wanaotaka kujaa kwa miezi miwili. Lakini kasi ya kujenga msuli ina ukomo wake, na chakula kinachozidi ukomo huo hakirudi jikoni. Garthe na wenzake nchini Norway waliwafuatilia wanamichezo wa kiwango cha juu, kundi moja likiongozwa kula ziada ya karibu kilokalori 500 na lingine likila lipendavyo. Walioongozwa kula ziada waliongeza mafuta mengi zaidi, lakini tofauti ya misuli kati ya makundi haikuwa ya maana kitakwimu.

Miili nayo haifanani. Mwaka 1990 Claude Bouchard na wenzake walichapisha matokeo ya jozi 12 za mapacha wa kufanana waliolishwa kilokalori 1,000 za ziada, siku sita kwa wiki, kwa siku 100. Kwa wastani waliongezeka kilo 8.1, ila mmoja aliongezeka kilo 4.3 na mwingine 13.3, na pacha alielekea kumfuata pacha mwenzake. James Levine naye, mwaka 1999, aliwapa watu 16 ziada ya kilokalori 1,000 kila siku kwa wiki nane. Walioongeza mafuta kidogo ndio ambao miili yao ilianza kutikisika zaidi bila wao kupanga: kusimama, kutembea, kubadili mkao. Ndiyo maana rafiki yako anaweza kula kama wewe na asiote hata shavu. Ziada yake anaichoma kwa kutotulia.

Kwa hiyo napanga hivi. Protini inatangulia, na sina mchezo nayo: gramu 1.6 hadi 2.2 kwa kila kilo ya uzito, igawanywe kwenye milo mitatu au minne. Mafuta yanafuata, karibu gramu 1 kwa kilo, na sipendi yashuke chini ya asilimia 20 ya kalori zote. Vikishakaa hivyo viwili, kinachobaki chote ni wanga. Chukua yule mtu wa kilo 70 anayesimama kwenye 2,500, tumpeleke 2,750. Protini gramu 126 ni kilokalori 504, kwa kuwa gramu moja ina 4. Mafuta gramu 70 ni 630, kwa 9 kila gramu. Zinabaki 1,616, yaani gramu 404 za wanga. Zamani zilikuwa 341 au 342. Ziada yote ni gramu 62 hivi za wanga kwa siku, ambazo zinatoka kwenye gramu 80 za mchele mkavu. Watu hucheka nikiwaonyesha kiasi hicho mkononi.

Mbona wanga na si mafuta? Kwa sababu ziada ya mafuta mwili huihifadhi karibu bila gharama, na haikuongezei nguvu kwenye chuma. Wanga hauna uchawi. Ukila wa kupindukia mwili utachoma huo kwanza na kuyaweka akiba mafuta uliyoyala, na kitambi kitakuja vilevile. Ila ndani ya ziada ndogo, wanga una kazi ya kufanya.

Kuhusu saa za kula sina mengi. Mlo wenye wanga saa moja hadi tatu kabla ya mazoezi na mwingine baadaye unatosha. Wanaoniuliza kama wakate wanga siku za mapumziko huwa nawaambia wasikate. Msuli uliofanya kazi jana unaendelea kujengwa leo.

Baada ya kubadilisha wanga, majuma mawili ya kwanza naiacha mizani iseme ovyo. Kuanzia hapo natafuta wastani wa wiki uongezeke kwa asilimia 0.25 hadi 0.5 ya uzito kila wiki, yaani gramu 175 hadi 350 kwa mtu wa kilo 70. Ukigoma kwa wiki mbili au tatu, naongeza gramu 30 za wanga, kisha nasubiri tena. Kiuno kikipanuka haraka huku uzito unaoinua haujapanda, napunguza gramu 30, na kwanza nauliza kuhusu usingizi na mazoezi yenyewe. Kwa wanawake nalinganisha wiki ya mzunguko wa hedhi na wiki kama hiyo ya mwezi uliopita, maana maji ya kabla ya hedhi yanaweza kuficha au kuigiza mabadiliko ya mwezi mzima.

Si kila mtu anahitaji ziada. Anayeanza mazoezi akiwa na mafuta mengi mwilini anaweza kujenga msuli akiwa kwenye kiwango cha kusimamisha uzito au chini yake kidogo, mradi protini ipo. Mwenye kisukari, hasa anayetumia insulini, na mwenye ugonjwa wa figo wasiguse namba hizi kabla ya kuzungumza na daktari wao.

Yule kijana alirudi kwenye mpango baada ya kunung'unika. Wiki ya tatu aliniandikia tena, safari hii akilalamika kwamba mizani imesimama. Nikamwongezea gramu 30.