Mpira Ukiingia Kikapuni kwa Namna Isiyo ya Kawaida: Lini Mwamuzi Hupima Nia ya Mchezaji

Nikiwa mwamuzi wa mpira wa kikapu, huulizwa mara kwa mara iwapo kikapu kilichofungwa kwa bahati kinastahili kuhesabiwa sawa na kilichokusudiwa. Kwa kanuni za FIBA, shirikisho la kimataifa la mpira wa kikapu, jibu hutegemea tukio, kwa sababu mahali pengine nia ya mchezaji haina uzito wowote, na mahali pengine nia ndiyo inayoamua kila kitu.

Mchezaji aliye nyuma ya mstari wa pointi tatu akimpelekea mwenzake pasi ya juu, na mpira ukapita mikono yote na kutumbukia moja kwa moja kikapuni, timu yake hupata pointi 3, hata kama hakuwa na wazo la kufunga. Pasi hiyo hiyo ikimgusa mchezaji yeyote au ikidunda ndani ya eneo la pointi mbili kabla ya kuingia, huhesabiwa 2. Mabishano huzuka hapa, kwa kuwa mtupo halisi kutoka eneo la pointi tatu, ukiguswa kihalali na mlinzi aliye ndani ya eneo la pointi mbili wakati mpira ungali ukipanda, hubaki na thamani ya 3. Kwa hiyo mwamuzi aliye karibu hana budi kutazama mikono ya aliyeachia mpira na kuamua papo hapo kama ulikuwa mtupo au pasi. Akiufuata mpira kwa macho mapema mno, amepoteza ushahidi wake.

Katika kujifunga, nia ndiyo huamua. Aliyejifunga kwa bahati mbaya huwapa wapinzani pointi 2, nazo huandikwa kwa jina la nahodha wao aliye uwanjani, hata kama hakuugusa mpira. NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, humpa mpinzani aliye karibu zaidi. Naona njia ya FIBA ni bora, maana haimlazimishi mtu kukisia umbali. Aliyejifunga makusudi ametenda kosa, na kikapu hakihesabiwi. Kanuni hii ni ya haki kabisa, kwani bila hiyo timu inayohitaji kushinda kwa tofauti kubwa ya pointi ingeweza kujifunga ili matokeo yawe sare na kupata muda wa nyongeza.

Mpira unaopitishwa wote kikapuni kutoka chini ni kosa pia.

Mwishoni mwa kipindi, saa ndiyo huamua. Mwaka 1990 Trent Tucker wa New York aliwafunga Chicago kwa kudaka na kutupa mpira ilhali saa ilionyesha sekunde 0.1, jambo ambalo mwili wa binadamu hauliwezi, na NBA ikabadilisha kanuni. FIBA nayo hutaka angalau sekunde 0.3 ili mchezaji aumiliki mpira kutokana na urushaji wa pembeni kisha autupe. Zikibaki 0.2 au 0.1, kikapu halali ni cha kuusukuma mpira kwa kuugusa tu au kuupachika moja kwa moja, mradi mikono iwe imeuacha kabla saa haijafika 0.0.