Kwa Nini Ombi la Fedha za Barabara Huulizwa Habari za Nyumba

Awamu ya fedha za One Bay Area Grant, ruzuku ya miradi ya usafiri ya kanda ya Ghuba ya San Francisco, inapokaribia, lawama huwa zile zile: mji umeomba fedha za njia ya baiskeli, unaulizwa umeruhusu nyumba ngapi. Wapo wanaodhani ni njama ya kuwaletea maghorofa. Tuliweke wazi, kwa sababu wakazi wa kaunti zote tisa za Ghuba ya San Francisco linawagusa, mwenye nyumba na mpangaji.

Fedha hizi ni za serikali kuu ya Marekani, na mgawaji wake ni Metropolitan Transportation Commission, MTC, tume ya usafiri ya kanda. Sheria ya California ya mwaka 2008, SB 375, inataka mpango wa usafiri wa kanda uende pamoja na mpango wa matumizi ya ardhi ili moshi wa magari upungue. Mfanyakazi asiyepata nyumba karibu na kazi ataendesha gari kutoka mbali, na barabara tutakayompanulia itajaa tena. Ndiyo maana tangu 2012 fedha hizi zimefungamanishwa na nyumba.

Kabla ya miradi kupewa alama za kushindania fedha kuna masharti ya kuingilia, na hapo ndipo miji mingi hujikwaa. Mpango wa nyumba wa mji lazima uwe umeidhinishwa na HCD, idara ya nyumba ya jimbo. Kwa kipindi cha 2023 hadi 2031 kanda hii ilipangiwa nyumba 441,176, na miji ilitakiwa kukamilisha mipango yake ifikapo 31 Januari 2023. Tunasikia mara kwa mara, “lakini sisi tulishapeleka.” Kupeleka hakutoshi. Mpango uliorudishwa na HCD kwa marekebisho bado haujaidhinishwa, hata kama madiwani waliupitisha kwa kauli moja.

Kisha huangaliwa mahali mradi ulipo. Katika kaunti tano kubwa, asilimia 70 ya fedha ielekezwe kwenye maeneo ya kipaumbele cha maendeleo, yaani sehemu zilizotengwa kwa nyumba na kazi zaidi karibu na usafiri wa umma. Katika Marin, Napa, Solano na Sonoma, asilimia 50. Maeneo hayo huteuliwa na miji yenyewe. Anayesema kanda imemchagulia mtaa wake akasome kumbukumbu za vikao vya halmashauri yake.

Mwaka 2022 likaja Azimio namba 4530 la MTC, kuhusu maeneo yaliyo ndani ya nusu maili kutoka vituo vya treni, feri na mabasi ya mwendokasi. Linataka kanuni za mji ziruhusu nyumba nyingi za kutosha kwa kila ekari: kwa nyumba mpya, kiwango cha chini ni wastani wa nyumba 100 kwa ekari kwenye vituo vya katikati ya San Francisco, Oakland na San Jose, na 25 kwenye vituo vya SMART, treni ya Sonoma na Marin, au feri. Ni majengo mapya tu, hakuna anayebomolewa. Mji hutakiwa pia kuwa na sera mbili katika kila fungu: kujenga nyumba za gharama nafuu, kuzihifadhi zilizopo, na kuwalinda wapangaji. Fungu hili la mwisho halisemwi sana mikutanoni, nalo ndilo linalomgusa mpangaji moja kwa moja.

Mji uliofaulu haukabidhiwi fedha mkononi. Hutoa mchango wake wa asilimia 11.47, hutumia kwanza, kisha hudai kurudishiwa, angalau kila miezi sita. Ombi la idhini lifike Caltrans, idara ya usafiri ya jimbo, ifikapo 1 Novemba ya mwaka wa fedha husika, na fedha ziwe zimefungwa kwenye mradi ifikapo 31 Januari. Tarehe ikipita, fedha zinaweza kuhamishiwa mradi mwingine, na udhuru wa mhandisi kuacha kazi hausaidii kitu.

MTC haina mamlaka ya kubadili kanuni za ardhi za mji wowote. Barua za kupinga ghorofa fulani zinazofika MTC hazina pa kuingia kwenye jedwali la alama. Kasemeni kwa madiwani siku wanapopigia kura kanuni hizo, na kwa wakala wa usafiri wa kaunti wakati wa kupendekeza miradi. Mkitaka kujua mji wenu umesimama wapi, mwombeni karani wa mji barua ya mwisho kutoka HCD; ni hati ya umma.