Msindano hauchomekwi kama muhogo

Mzee mmoja alikuja kitaluni kwetu na fungu la matawi ya msindano, yaani paini, ameyaviringisha kwenye gazeti lililoloweshwa maji. Alikuwa ameyakata kwenye mti uliopandwa na baba yake, mti mnyoofu kama mlingoti, naye alitaka apate mingine mia ya kufanana nao. Akauliza: “Muhogo nachomeka, marando ya viazi nachomeka. Huu una nini?”

Una umri, mzee wangu.

Swali lake huletwa na wengi wa Mufindi, Njombe na Makete, ambako siku hizi shamba la paini ni akiba ya kusomeshea watoto. Kijiti cha muhogo kimebeba chakula cha kutosha, na vifundo vyake hutoa mizizi kwa wepesi. Tawi la msindano haliko hivyo. Ukilikata, utomvu huziba jeraha, kisha baada ya majuma kadhaa hujitokeza kovu laini lililovimba. Hapo seli chache zinapaswa kuacha kazi yake ya zamani na kuanza kujenga mzizi. Seli za mche wa mwaka mmoja huweza kubadilika hivyo. Za mti wa miaka 20 zimekwisha kukomaa na kwa kawaida hazigeuki tena. Kwa Pinus patula, msindano wenye asili ya Mexico ambao ndio umejaa Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, uwezo huo hushuka haraka kadiri miaka inavyopita.

Hata tawi la mti mzima likibahatika kutoa mizizi, mara nyingi hukua limelala upande, kana kwamba bado liko ubavuni mwa mama yake. Waliowahi kujaribu kuotesha tawi la pembeni la araukaria ya mapambo wanaijua hali hiyo: linaishi, lina afya, ila halisimami.

Ndiyo maana huwa nawaambia watu wasianze na homoni. Unga wa homoni ya mizizi unasaidia, huongeza idadi na kuharakisha kazi, lakini haumrudishii mzee ujana. Kipandikizi, yaani kijiti cha kuchomeka, cha mche mchanga huweza kuota hata bila homoni. Cha mti mkongwe unaweza kukipaka homoni, ukakipaka asali na utomvu wa mshubiri juu yake, na bado kikakauka.

Basi kazi huanza na mbegu. Tafuta mbegu bora iliyothibitishwa, otesha miche michache, na uichague iliyo minyoofu yenye nguvu iwe miche mama. Ikifika urefu wa sentimita 25 hivi, kata ncha na kubakiza shina la sentimita 10 hadi 15 lenye sindano zake za kijani, yaani majani yake membamba. Usiikate chini ya sindano, maana vichipukizi hutoka kwenye vitumba vilivyojificha katikati ya mafungu ya sindano hizo. Mche uliokuwa na ncha moja utageuka kichaka. Endelea kuupunguza ubaki mfupi, na baada ya miaka 3 au 4 ung'oe, uweke mwingine. Wenye huruma huwa wanashindwa hapa: wanauona mche mama umependeza, wanauacha urefuke, na mwaka unaofuata vipandikizi vyao vinagoma.

Vuna vichipukizi vya sentimita 7 hadi 10, asubuhi na mapema, kwa wembe uliopanguswa spiriti. Viweke mara moja ndani ya kitambaa kibichi. Ondoa sindano za sentimita 2 au 3 za chini, chovya kwenye homoni kama unayo, kisha chomeka kwenye kiriba, ule mfuko wa nailoni wa kuoteshea miche. Kwa mchanganyiko, mimi hupenda nusu mchanga mnene wa mtoni na nusu magome ya msindano yaliyooza vizuri. Samadi isiingie katika hatua hii, wala udongo wa mfinyanzi. Kipandikizi kisicho na mizizi hakina haja ya mbolea. Kinachohitaji ni hewa kwenye kidonda.

Adui wa kwanza ni kukauka, kwa sababu sindano zinaendelea kupoteza maji na chini hakuna kinachonyonya. Pinda fito, funika kwa nailoni angavu, weka kivuli juu yake, na upulizie ukungu wa maji mara kadhaa kwa siku. Kama unatumia bomba la mgongoni, liwe ambalo halijawahi kubeba dawa ya magugu. Adui wa pili ni maji mengi. Ukikamua mchanganyiko maji yakatiririka, umezidisha. Juni na Julai usijisumbue, baridi ya Mafinga huchelewesha mizizi na kukuachia uozo. Ukichomeka Februari au Machi, utakuwa na miche ya kupanda mvua za Desemba.

Mizizi huhitaji majuma 8 hadi 12, wakati mwingine zaidi. Usidanganyike na ncha mpya. Kipandikizi cha msindano huweza kuchipua kwa akiba yake huku chini hakuna kitu, na siku akiba ikiisha kinakufa ghafla, mkulima akilaumu jua. Tazama matundu ya chini ya kiriba, mizizi myeupe ikichungulia ndipo uanze kufungua nailoni kidogo kidogo.

Mizizi ikishatoka, ongeza konzi ya udongo wa juu kutoka chini ya misindano mikubwa yenye afya. Udongo huo una kuvu rafiki wanaoishi kwenye mizizi na kuisaidia kunyonya fosforasi. Sehemu nyingi za kitropiki ambako misindano ililetwa kwa mara ya kwanza, miche ilidumaa na kuwa njano mpaka ilipoletewa kuvu hao.

Je, inalipa? Kwa mkulima wa kawaida, mara nyingi hapana. Ekari moja kwa nafasi ya mita 3 kwa 3 inataka miche kama 450, na kilo moja ya mbegu ya patula ina mbegu zaidi ya laki moja. Vipandikizi vina maana pale mbegu bora ni adimu na ghali. Afrika Kusini huzidisha hivyo chotara wa patula na tecunumanii, na New Zealand hufanya hivyo kwa radiata, zote zikiwa aina za msindano. Ila usijaze shamba zima watoto wa mama mmoja. Radiata hiyohiyo ilipandwa Afrika Mashariki, na mwishoni mwa miaka ya 1950 ukaingia ugonjwa wa kuvu wa sindano uitwao dothistroma, hadi upandaji wake ukaachwa. Watoto wa mama mmoja wote wana udhaifu uleule.

Ndugu zangu wa Pwani, mvinje si msindano ingawa unafanana nao. Vichipukizi vyake huota kwa urahisi zaidi, hivyo haya mengi hayawahusu.

Yule mzee nilimshauri arudi kwenye mti wa baba yake aukwee kuchuma koni, yale makasha magumu ya mbegu. Koni za patula hukaa zimefumba mtini kwa miaka. Ukizianika juani juu ya turubai hupasuka, na mbegu zenye mabawa zikadondoka. Nilimweleza wazi kwamba miche hiyo haitakuwa nakala ya ule mti, kwa kuwa chavua imetoka kwa jirani. Akacheka, akasema hata yeye hakufanana na baba yake. Mwaka uliofuata alirudi na viriba vitatu vya miche, akitaka aonyeshwe pa kukata ncha.