Monita bila tyuna inaonyesha televisheni, acheni kuilaumu

Wiki hii swali limerudi tena, kwa maneno yaleyale: "Fundi, monita yangu haina tyuna, sasa chaneli za HD nitaziangaliaje?" Aliyeuliza alikuwa na mfuko mkononi. Nikamwuliza kuna nini humo ndani. Akatoa king'amuzi, kipya kabisa, plastiki bado imekigandia usoni. Nikamwambia, ndugu yangu, tyuna unayoitafuta ndiyo hiyo umeishika.

Hakuniamini. Alikuwa ameambiwa anunue kadi ya televisheni aichomeke kwenye kompyuta, au monita aiuze atafute runinga. Nimelisikia hili mara nyingi mno, na kila mara kuna mtu anakaribia kutupa kioo kizuri kwa sababu ya neno ambalo hakuna aliyemweleza maana yake.

Tyuna haina uhusiano wowote na kioo. Kazi yake ni kuchagua masafa mamoja kati ya mengi yanayoingia kutoka kwenye antena au dishi, na kutoa humo mkondo wa data. Data hiyo imebanwa, kwa hiyo inapita kwenye chipu ya kuifumua, na hapo ndipo picha inapozaliwa. Baada ya hapo kinachobaki ni kuionyesha tu. Runinga imefungia kazi hizi tatu ndani ya kasha moja, ndiyo maana watu wanadhani ni kitu kimoja. King'amuzi kinafanya mbili za kwanza, monita inafanya ya tatu. Muhimu ni king'amuzi kiwe cha mfumo unaorushwa ulipo: cha DVB-T2, mfumo mmoja wa matangazo ya dijitali ya antena, hakitasoma ATSC, mfumo wa Marekani, na cha antena hakitasoma mawimbi ya dishi.

Na tafadhali, achaneni na vile vichwa vya kuunganisha waya wa antena na tundu la HDMI, lile la waya mmoja wa picha na sauti. Umbo linaingia, lakini hakuna kinachopita. Mawimbi ya antena ni redio, na chaneli zote za kwenye masafa mamoja ya DVB-T2 zinagawana megabiti zisizozidi takriban 50 kwa sekunde. Picha ya 1920 kwa 1080 inayobadilika mara 50 kwa sekunde, ikishafumuliwa, ni karibu gigabiti 2.5 kila sekunde. Tofauti hiyo yote lazima ijazwe na chipu inayofanya hesabu. Kipande cha shaba hakifanyi hesabu.

Sasa nije kwenye kinachoniudhi kweli. Mtu anaunganisha king'amuzi na monita kwa HDMI, kioo kinabaki cheusi, na anatangaza: "Si niliwaambia, haina tyuna." Hapana! Kama king'amuzi kimewaka na antena iko sawa, tyuna iko kazini wakati huohuo unapoangalia giza. Kilichoshindikana ni mazungumzo kwenye waya, na mazungumzo hayo yana hatua zake.

Ukichomeka HDMI, king'amuzi kinapeleka volti 5 upande wa pili, kisha kinasoma kumbukumbu ndogo iliyo ndani ya monita iitwayo EDID. Kipande chake cha kwanza ni baiti 128 tu, na humo monita inajieleza: mimi ni wa kampuni fulani, nina pikseli kadhaa, nakubali masafa haya ya kubadilisha picha. Monita za kompyuta nyingi zimetengenezwa zikifikiria Hz 60, yaani picha 60 kwa sekunde. Televisheni katika nchi za Ulaya na sehemu kubwa ya Afrika inakwenda kwa 50. Baadhi ya monita zinaipokea 50 bila neno. Nyingine zinaikataa, na kijisanduku kinatembea kwenye kioo kikisema ishara iko nje ya kiwango. Nyingine zinaipokea kisha zinarudia picha moja kati ya kila tano ili zifikie 60. Hizi za mwisho ndizo zinazowachanganya watu, kwa sababu picha inaonekana, lakini angalia maandishi ya habari yanayopita chini ya kioo: yanakwenda kwa kudonoadonoa, kama mtu anayetembea na kokoto kiatuni. Ukishaiona hiyo, usiguse antena. Shida haiko huko.

Kuna pia suala la 1080i, aina ya picha yenye mistari 1080. Herufi hiyo i maana yake mistari inatumwa kwa zamu, 540 ya witiri, kisha 540 ya shufwa. Runinga ina chipu ya kuiunganisha. Monita nyingi hazina, au zinayo dhaifu, na unapata kingo zenye meno kama kitana kila kitu kinapokimbia. Ingia kwenye mipangilio ya king'amuzi, chagua 720p au 1080p (p maana yake mistari yote inatumwa pamoja), uiache kazi hiyo ifanywe na king'amuzi. Watu wanaikataa 720p kwa sababu namba ni ndogo. Mimi kwenye kioo cha inchi 24, mechi ikiwa inaendelea, nimejaribu zote mbili mara nyingi na kuna siku sikuweza kusema ipi ni ipi.

Halafu kuna HDCP, kinga ya kuzuia kunakili iliyobuniwa na Intel. Kabla ya kutoa picha, king'amuzi kinadai monita ijitambulishe kwa funguo za siri. Monita nyingi za DVI, tundu la picha lililotangulia HDMI, za mwanzoni mwa miaka ya 2000 hazina funguo hizo kabisa. Umbo la waya halisaidii hapa. DVI na HDMI zinasema lugha moja ya picha na kichwa rahisi kinatosha kuziunganisha, lakini kama funguo hazipo, hazipo.

Namna ya kutofautisha makosa haya mawili ni hii, na ninaomba uishike maana itakuokolea safari nyingi. Kama hata menyu ya king'amuzi haionekani na monita inalalamika kuhusu kiwango, tuhumu aina ya picha inayotumwa: zile Hz, au ile i. Kama menyu inaonekana safi kabisa lakini ukifungua chaneli giza linaingia, au chaneli za bure zinaonekana na za kulipia hazionekani, tuhumu HDCP. Kosa la kwanza ni la mipangilio na linatibika. La pili ni la kifaa. Hapo kweli monita ndiyo ya kubadilisha, na nasema hivyo bila kuzunguka.

Vitabu vinasema vifaa viwili vilivyotimiza kiwango kimoja lazima vielewane. Ningependa iwe hivyo. Nimekutana na king'amuzi na monita ambavyo kila kimoja kilifanya kazi vizuri na kifaa kingine chochote, lakini vikiwekwa pamoja vinakataana. Nilibadilisha waya, nikabadilisha mpangilio wa kuwasha, monita kwanza king'amuzi baadaye, na ghafla vikakubaliana. Ninaweza kukueleza kwamba huenda EDID ilikuwa inasomwa kabla monita haijaamka vizuri. Lakini ukweli ni kwamba sikuipima, nilijaribu tu hadi ikakubali, na mafundi wengi ninaowafahamu wanafanya hivyohivyo.

VGA, tundu la picha la kompyuta za zamani, niipite haraka. Ni ya 1987, ni analojia, inahitaji kigeuzi chenye chipu. DisplayPort, tundu jingine la picha la kompyuta, nalo lina mtego: kichwa rahisi kinachotoa picha kwenye kompyuta kwenda HDMI hakifanyi kazi kinyume chake. Kutoka king'amuzi chenye HDMI kwenda monita ya DisplayPort unahitaji kigeuzi hai, yaani chenye chipu, kilichoandikwa wazi kwamba kinaelekea upande huo.

Sauti. DVI ya kawaida haibebi sauti, na monita nyingi hazina spika hata zikiwa na HDMI. Tafuta tundu la vipokea sauti nyuma ya monita, au toa sauti moja kwa moja kwenye king'amuzi kwa zile nyaya nyekundu na nyeupe kwenda kwenye spika. Ukiona picha ipo na spika ziko kimya, weka sauti ya king'amuzi kwenye PCM, yaani sauti isiyobanwa. Monita haifumui Dolby, ambayo ni sauti iliyobanwa.

Rangi zikionekana zimepauka, nyeusi ikawa kijivu, jua kwamba televisheni inahesabu mwanga kutoka 16 hadi 235, na kompyuta kutoka 0 hadi 255. Tafuta mpangilio huo kwenye monita au king'amuzi kabla hujagusa mwangaza. Na kama monita yako ni ya 1920 kwa 1200, milia miwili myeusi juu na chini, pikseli 60 kila upande, ndiyo picha sahihi. Ukiinyoosha ijae, nyuso zote zitarefuka.

Lalamiko moja ninaliheshimu: "Kwenye monita picha ni mbaya kuliko runingani." Ni kweli mtu anaona hivyo. Runinga unaitazama kutoka mita tatu, monita iko sentimita 60 kutoka puani. Sogea karibu na runinga yoyote wakati mchezaji anakimbia kwenye nyasi, uangalie miguuni mwake: utaviona vile viraba vidogo vinavyochemka kila anapopita. Ni mbano wa data unaofanywa na kituo, na monita inauonyesha tu bila kuuficha. Sogeza kiti nyuma.

Yule ndugu mwenye mfuko tulimaliza naye kwa muda mfupi. Monita yake ilikataa mwanzoni, kijisanduku kikatembea kwenye kioo. Tulichukua runinga ya zamani, tukaunganisha nyaya za rangi ili tuione menyu, tukabadilisha kutoka 1080i ya Hz 50 kwenda 720p ya Hz 60, kisha tukarudisha HDMI. Ikawaka. Tukajaribu na 720p ya 50 ili maandishi yapite bila kudonoa, ikaikubali pia. Kumbe ilichokuwa inakikataa muda wote ni ile i.