Foleni ya mama lishe: namna ninavyofundisha utatuzi bunifu wa matatizo ya biashara chuoni

Mpe mwanafunzi wa mwaka wa pili wa shahada ya biashara kisa cha mama lishe mwenye foleni ndefu mchana. Kabla hujamaliza kusoma swali ameshajibu: atengenezewe programu ya simu ya kuagiza chakula. Jibu hilo huja karibu kila darasa, na halitokani na uhaba wa ubunifu. Mwanafunzi amepewa jina la tatizo tu, tatizo lenyewe hajaliona. Kwa hiyo katika muhula wa wiki 15 mimi hutenga wiki 5 za mwanzo kwa kulitafuta tatizo, na mawazo ya utatuzi huyapa wiki 2. Ukipanga kinyume, karibu kila kikundi kitakuletea programu ya simu.

Wiki mbili za kwanza hakuna dodoso. Nalipiga marufuku kabisa. Mwanafunzi akimfuata mama na kalamu mkononi, "Shikamoo mama, changamoto yako kubwa ni ipi?", atajibiwa "Marahaba. Mtaji, mwanangu." Muuza nyanya atasema hivyo hivyo, na fundi cherehani pia. Si uongo. Ni jibu linalomfaa mgeni mwenye karatasi, ambaye huenda katumwa na watu wa mikopo.

Badala ya kuuliza, kikundi cha watu 5 kinaomba ruhusa, kinanunua chakula kama wateja wengine, kisha kinakaa pembeni kuanzia saa 6:30 hadi saa 8:00 mchana na kupima kwa saa ya simu. Mmoja anapima kuagiza, wa pili kupakua, wa tatu malipo na chenji. Wa nne anafuatilia sahani: zinakaa mezani muda gani, zinakaa kwenye karai muda gani. Wa tano anahesabu watu waliofika, wakaiona foleni, wakageuza. Wateja 20 mfululizo wanatosha kwa siku moja, lakini wapimwe siku 3 tofauti, na mojawapo iwe ya mwisho wa mwezi. Mapato ya mama hayaulizwi.

Tuseme wastani uliopatikana ni huu: kuagiza sekunde 20, kupakua 40, malipo na chenji 30. Jumla ni sekunde 90 kwa mteja, yaani wateja 40 kwa saa, maana mama ni mmoja na yote matatu anafanya yeye. Sasa ile programu ya simu inaweza kupimwa. Inaokoa sekunde 20 za kuagiza, lakini inamtaka mama asome ujumbe huku ameshika upawa na vidole vina mafuta. Faida inaliwa palepale.

Akipokea pesa mtu mwingine, mathalani kijana anayeosha vyombo, mama anabaki na sekunde 60: wateja 60 kwa saa. Kijana huyo akipita kwenye foleni, akachukua pesa na kugawa vikadi vya rangi, chekundu wali maharage, kijani ugali dagaa, kuagiza kunashuka hadi sekunde 5. Sekunde 45, wateja 80 kwa saa. Hapa vikundi vingi hutaka kuandika ripoti, na hapa ndipo mwalimu anapaswa kuwazuia. Mama ana sahani 35. Kila sahani inakaa mezani dakika 20 na kwenye karai dakika 10, kwa hiyo inarudi kazini mara 2 tu kwa saa. Kikomo ni wateja 70, hata apakue haraka kiasi gani. Isitoshe, anayekusanya pesa ndiye aliyekuwa anaosha. Dakika 10 za karai zikigeuka 20, kikomo kinaanguka hadi wateja 52 kwa saa. Suluhisho limekihamisha kikwazo kutoka mkononi mwa mama hadi kwenye karai. Mwanafunzi aliyeifanya hesabu hii kwa mkono wake, kwa takwimu alizokusanya mwenyewe, huanza kutafuta kikwazo kinapohamia bila kuambiwa. Sijui njia nyingine inayofundisha jambo hilo vizuri kama hii.

Kutokana na vipimo hivyo kikundi kinaandika sentensi moja inayoanza na "Tufanyeje ili". Kwa mfano: "Tufanyeje ili mama ahudumie wateja 60 kwa saa badala ya 40 bila kuajiri mtu mwingine?" Ina kipimo, ina mpaka, na haina suluhisho ndani yake. "Tufanyeje ili mama apate mfumo wa kidijitali" narudisha, kwa sababu jibu limeshafichwa kwenye swali. "Tufanyeje ili kuinua kipato cha akina mama lishe" narudisha pia: hakuna anayeweza kuijaribu ndani ya wiki moja. Kikundi cha kawaida huandika sentensi hii upya mara 4 au 5, na kila nikirudisha naandika sababu.

Mbinu ya kuuliza "kwa nini" mara tano, iliyopata umaarufu kupitia Toyota, inasaidia, ila ina mtego wake. Ikiachwa bila masharti, "kwa nini" ya tatu inafika kwenye umaskini na ya nne inafika serikalini. Masharti yangu ni mawili: kila jibu liwe ni kitu kilichoonekana au kupimwa, na tusimame tukifika kwenye kitu ambacho mwenye biashara anaweza kukibadili mwenyewe.

Kisha ndipo yanakuja mawazo. Alex Osborn, mtu wa matangazo ya biashara wa Marekani, alieneza utaratibu wa kikundi kubungua bongo kwa sauti: usikosoe, toa mengi, karibisha ya ajabu, jenga juu ya ya wenzako. Kanuni hizo ni nzuri. Tatizo ni ile sauti. Mwaka 1958 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walionyesha kwamba watu wanne waliofikiri kila mmoja peke yake, mawazo yao yakikusanywa, walipata mawazo mengi zaidi kuliko wanne waliokaa pamoja. Mwaka 1987 watafiti wengine, Diehl na Stroebe, walibaini sababu kubwa: mmoja anapozungumza, wengine wanangoja zamu, na wakati wa kungoja wazo linapotea au halizaliwi kabisa. Kwenye madarasa yetu ongeza kiongozi wa kikundi anayesema kwanza, na wenzake wanaomstahi wakaafiki.

Kwa hiyo tunaandika kimya. Utaratibu ninaoutumia ulitoka Ujerumani mwaka 1968, kwa Bernd Rohrbach: watu 6, mawazo 3 kila mmoja, dakika 5, kisha karatasi inapita kwa jirani, ambaye anasoma na kuongeza matatu mengine. Baada ya nusu saa kuna hadi mawazo 108. Kwa kikundi cha watu 5 ni mawazo 75 kwa dakika 25. Mengi yatajirudia, na raundi mbili za mwanzo huwa za kawaida tu. Usikatishe hapo. Kuanzia ya tatu, mtu ameishiwa na yake na analazimika kuchezea ya mwenzake. Na waandike kwa Kiswahili, au kwa mchanganyiko wowote unaowajia, hata kama mihadhara ni kwa Kiingereza. Dakika 5 ni chache mno kuzitumia kutafuta msamiati.

Uchaguzi haufanywi kwa kupiga kura, kwani kura hulipeleka kundi kwenye wazo lililozoeleka. Kila kikundi kinachagua wazo moja linaloweza kujaribiwa kwa wiki moja na kwa gharama isiyozidi shilingi 20,000, na kinaandika utabiri kabla ya kuanza: "tunatarajia kutoka wateja 40 hadi 55 kwa saa." Utabiri unakabidhiwa kwangu siku hiyohiyo, la sivyo utarekebishwa baadaye ulingane na matokeo.

Wakati wa jaribio waangalie pia watu wanaitumiaje huduma tofauti na ilivyokusudiwa. M-Pesa ilipojaribiwa Kenya kuanzia mwaka 2005 ililenga marejesho ya mikopo midogo. Wateja wakaanza kuitumia kutumiana pesa wao kwa wao, na huduma iliyozinduliwa rasmi Machi 2007 ilijengwa juu ya matumizi hayo.

Alama 40 za kazi za muhula nazigawa hivi: tatizo na vipimo 14, jaribio 12, mawazo 8, daftari la mtu binafsi 6. Jaribio lililoshindwa linapata alama zote 12 kama utabiri uliwahi, vipimo ni sahihi, na kikundi kimeeleza kikwazo kilihamia wapi. Wanafunzi waambiwe hili wiki ya kwanza kwa maandishi, maana anayeogopa kushindwa atapika takwimu. Kwenye mtihani wa mwisho sitaki fasili. Natoa jedwali la sekunde, idadi ya sahani, na sentensi ya "Tufanyeje ili" iliyoficha suluhisho ndani yake, na kumtaka mwanafunzi ataje kikwazo, aiandike sentensi upya, na apendekeze jaribio la wiki moja.