Kufufua mfumo wa dizeli wa Land Cruiser 1HZ: yanayosemwa na ukweli wake

Pikapu yenye injini ya 1HZ (lita 4.2, silinda 6, bila turbo) ikianza kuchoka, mwenye gari hufungua mfumo mzima wa dizeli. Hapo hapo hamu ya kuongeza nguvu huingia, na ushauri mbovu nao.

Dhana: Moshi mweusi ni dalili ya nguvu.
Moshi mweusi ni dizeli iliyokosa hewa ya kuungulia. 1HZ haina turbo ya kuisukumia hewa, kwa hiyo dizeli ikizidi kiwango huzaa joto tu, na joto hilo hupasua silinda hedi. Skrubu ya kiasi cha dizeli iko nyuma ya pampu ya dizeli, ile inayosukuma dizeli kwenda kwenye nozo (vipulizi vya dizeli). Iwekee alama kwanza, ongeza moja ya nane ya mzunguko, kisha panda mlima na mzigo. Ukungu hafifu unaokatika unavumilika. Moshi mzito usiokatika, rudisha. Ukizidisha, silensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) hupanda na injini hugoma kushuka hata ukiachia mafuta.

Dhana: Pampu ikishafanyiwa kalibresheni (kupimwa na kurekebishwa), kazi imekwisha.
Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Pampu hii hailainishwi na oili ya injini. Hulainishwa na dizeli inayopita ndani yake. Kutu ya tangi, maji, au dizeli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa hukwangua plunja mpya (pistoni ndogo ya pampu inayosukuma dizeli) muda mfupi tu baada ya kufungwa. Kwa hiyo shusha tangi ulioshe, badilisha mipira ya kuvutia na ya kurudishia, weka filta mpya, ndipo ufunge pampu.

Kisha unganisha kipande cha mpira unaopitisha mwanga kati ya filta na pampu, uwashe injini. Ukiona mapovu yakipita mfululizo, kuna mahali panapovuta hewa: mara nyingi ni pampu ya mkono juu ya filta, oringi yake (pete ya mpira ya kuzibia) au klipu iliyolegea. Usitafute tone la dizeli, kwa sababu upande huu unafyonza. Hewa inaingia bila dizeli kutoka. Ndiyo maana gari hilo husumbua kuwaka asubuhi wakati chini ni pakavu.

Dhana: Nozo zikipandishwa presha, gari huwa jepesi.
Presha ya kufunguka kwa nozo za 1HZ ni karibu baa 150. Ukiipandisha sana, nozo huchelewa kufunguka na taimingi (wakati wa kupuliza dizeli) hurudi nyuma. La maana ni zote sita zilingane, na kila moja ishikilie sekunde 10, presha ikiwa baa 10 hadi 20 chini ya ile ya kufunguka, bila kudondosha. Washa (pete za kuzibia) za chini ya nozo ziwe mpya, zote.

Dhana: Gari likifa nguvu kwenye mwendo kasi, liongezewe dizeli.
Pima kwanza presha ya ndani ya pampu. Presha hiyo ndiyo husogeza taimingi mbele kadiri mzunguko unavyopanda; ikishuka, taimingi hubaki nyuma. Chanzo kinaweza kuwa vipepeo vya ndani ya pampu (vinavyovuta dizeli) vilivyolika, lakini kagua pia bolti ya kurudishia dizeli, iliyoandikwa OUT. Ina tundu dogo sana linalozuia presha isitoroke. Fundi akiichanganya na ya kuingizia, ambayo tundu lake ni pana, pampu nzima huonekana mbovu. Kuzibadilishana hakuhitaji zaidi ya spana na washa mpya za shaba.