Siku Arubaini za Mtoto Mchanga: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Hapa Lamu mzazi hukaa ndani siku arubaini. Hukandwa kwa maji moto, hupikiwa supu ya pilipili manga, wageni huingia na kutoka kwa zamu, na katikati ya shughuli zote hizo mtoto amelazwa kitandani, kafunikwa leso, akichukuliwa kuwa hana alifanyalo ila kunyonya, kulala na kulia. Nimekaa katika vyumba vya wazazi wengi, wa ndugu zangu, wa binti zangu na wa majirani, na neno nililolisikia kuliko yote ni hili: huyo bado hajijui. Ndilo neno ninalotaka kulijibu, kwa sababu limezaa dhana nyingine kadhaa ambazo humnyima mtoto anachokihitaji, na baadhi yazo zinaweza kumdhuru kweli.

“Haoni wala hasikii”

Anaona, ila huona kilicho karibu. Macho yake hupata vizuri zaidi vitu vilivyo umbali wa sentimita 20 hadi 30, ambao ndio umbali uliopo baina ya mtoto anayenyonya na uso wa mama yake; zaidi ya hapo mambo yote ni kama ukungu. Rangi zilizofifia hazimshughulishi, lakini mistari mizito na weusi uliokaa juu ya weupe humvuta. Mwaka 1963 mtafiti wa Marekani, Robert Fantz, alionyesha kwamba hata watoto wa siku chache tu hukitazama kitu chenye michoro kwa muda mrefu kuliko kitu cha rangi moja isiyo na michoro. Mimi nililiona jambo hilo kwa mjukuu wangu alipokuwa na wiki mbili. Mamake mkubwa alikuwa amempakata, naye alijitanda leso nyeupe yenye pindo jeusi. Mtoto alipopita na macho kwenye ule mpaka ambapo pindo hukutana na mji wa leso, alisimama hapo. Alinyamaza, akaacha kurusha miguu, akautazama ule mstari mpaka pumzi yake ikatulia. Waliokuwamo chumbani walidhani amepatwa na usingizi, kumbe alikuwa kazini.

Kusikia kulianza kabla hajazaliwa. Katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba mtoto husikia sauti ya mama yake, na mwaka 1980 Anthony DeCasper na William Fifer walithibitisha kwamba watoto ambao hawajatimiza siku tatu waliweza kuitofautisha sauti ya mama na ya mwanamke mwingine, na walibadili namna yao ya kunyonya chuchu ya bandia ili wasikilizishwe ya mama. Kwa hivyo baba anapomwadhinia mwanawe katika sikio la kulia, anamwadhinia mtu anayesikia, na bibi anayemsemesha kitoto cha siku tatu hazungumzi peke yake.

Ama macho yanayopotoka kidogo mara mojamoja, si makengeza. Misuli ya macho bado inajifunza kufanya kazi pamoja, na hali hiyo hutulia yenyewe. Ikiendelea baada ya mwezi wa nne, mtoto apelekwe akaangaliwe.

“Anacheka na malaika, anashtushwa na shetani”

Ya malaika anayajua Mwenyezi Mungu, nami sina haja ya kumnyang'anya mzazi furaha ile ya kumwona mwanawe akitabasamu usingizini. Linalojulikana ni kwamba karibu nusu ya usingizi wa mtoto mchanga ni usingizi wenye shughuli, ambao ndani yake macho hutikisika chini ya kope, midomo hucheza na tabasamu huja na kupita. Tabasamu la kumjibu mtu huja baadaye, baina ya wiki ya 6 na ya 8, yaani mara tu arubaini inapokwisha na mtoto anapopelekwa kliniki kwa chanjo za wiki ya 6. Tofauti yake haina shaka: mtoto yuko macho, anakutazama, unamsemesha, naye uso mzima unafunguka.

Kugutuka nako kumewazulia watoto mengi. Mlango ukibamizwa, au kichwa kikiachwa ghafla, mtoto hurusha mikono kando, hufungua vidole, kisha huikusanya mikono kifuani kama anayetaka kukumbatia, na mara nyingi hulia. Hii ni hali aliyozaliwa nayo kila mtoto mzima wa afya, na hupotea kati ya mwezi wa 4 na wa 6. Daktari akimkuta mtoto asiye nayo ndipo hupata wasiwasi. Si shetani, wala si degedege. Mtikisiko wa kawaida hukoma ukimshika mtoto kiungo taratibu, ilhali wa degedege huendelea hata ukishikilia. Na mtoto ambaye hujikunja mara kwa mara kwa mfululizo, hasa anapoamka, asichukuliwe kuwa anagutuka tu. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

“Mpake wanja, macho yapate nuru na hasidi asimpate”

Hapa ndipo ninapoomba nisikilizwe zaidi. Najua wanja hupakwa kwa mapenzi. Mama hutaka macho ya mwanawe yawe makubwa na mazuri, na alama nyeusi kwenye paji la uso humwondolea hofu ya kijicho. Mimi mwenyewe nilipakwa, na wanangu niliwapaka. Lakini wanja mwingi wa asili, na ule unaouzwa kwenye vichupa visivyoeleza kilichomo, hutengenezwa kwa jiwe lenye madini ya risasi. Mtoto hujifuta macho kwa mkono, mkono huenda kinywani, na risasi huingia mwilini, ambako husumbua ubongo wakati uleule unaokua kwa kasi kuliko wakati wowote mwingine wa maisha. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kilichothibitishwa kuwa salama. Haionekani, haimlizi mtoto, na madhara yake huja kujulikana darasani miaka mingi baadaye, wakati ambapo hakuna atakayekumbuka kile kichupa. Wanja haumwongezei mtoto nuru ya macho hata chembe. Anayetaka kumkinga mwanawe na husuda ana dua, na dua haina risasi.

“Usimpakate sana, atazoea mikono”

Mtoto wa wiki sita hawezi kumfanyia mtu ujanja. Kilio huongezeka tangu wiki za mwanzo, hufikia kilele karibu na wiki ya 6, kisha hupungua kufikia mwezi wa 3 au wa 4, hata kwa watoto wasiougua chochote. Huko Montreal, Kanada, Urs Hunziker na Ronald Barr waliwaomba kina mama wa kundi moja wawabebe watoto wao kwa angalau saa tatu kila siku, mbali na nyakati za kunyonya na za kilio. Katika matokeo waliyoyatoa mwaka 1986, watoto hao walipofika wiki sita walilia pungufu kwa asilimia 43 kuliko wenzao. Mbeleko ya mama zetu ilikuwa sahihi muda wote. Ninasikitika kuona wazazi vijana wakiona haya kuitumia kwa sababu wameambiwa kuwa inadekeza.

“Anakula mikono, meno yanatoka”

Jino la kwanza kwa kawaida hutoka karibu na mwezi wa 6. Mtoto wa miezi miwili au mitatu anayetia ngumi kinywani na kutoa udenda mwingi amegundua kitu kikubwa zaidi ya jino, nacho ni kwamba ana mikono. Nyumba zetu za mawe zina madirisha ya juu, na asubuhi mwanga huingia kwa ukanda mwembamba. Mjukuu wangu, akikaribia wiki ya kumi na moja, alilala chali chini ya mwanga huo. Mkono wake wa kushoto ulipita ndani yake, ukatoka. Akautafuta. Ukarudi, akaukazia macho, akaugeuza polepole, kiganja kisha mgongo wa kiganja, akakunja vidole kimoja kimoja. Baadaye nilisoma kwamba Audrey van der Meer, mtafiti wa Norway, alikuwa amelichunguza jambo hilo katika miaka ya 1990 kwa watoto wachanga zaidi ya huyu, waliolazwa katika chumba chenye giza na ukanda mmoja wa mwanga, naye akakuta kwamba huupeleka mkono mwangani kwa makusudi. Basi asifungwe mikono kwa soksi mchana kutwa kwa kuogopa ajikwaruze. Akatwe kucha, mikono iachwe huru.

“Maziwa hayana ladha, muonjeshe asali”

Asali asipewe mtoto kabla ya kutimiza mwaka, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vinavyolegeza mwili wake hata ashindwe kupumua. Na ladha tayari anaipata. Julie Mennella na Gary Beauchamp walionyesha mwaka 1991 kwamba mama akila kitunguu thomu harufu yake huingia katika maziwa, na mtoto hudumu zaidi titini. Mtoto wa Lamu huyajua mapishi ya kwao kabla hajaonja kijiko cha kwanza.

“Hakuna la kumfundisha, ataketi siku yake ikifika”

Mwaka 1976 Charles Super alieleza kuhusu Wakipsigis wa huku kwetu Kenya, ambao huwafundisha watoto kukaa na kutembea kwa makusudi. Watoto wao walikaa na kutembea takriban mwezi mmoja kabla ya watoto wa Marekani, lakini hawakuwatangulia katika mambo wasiyofundishwa, kama kutambaa. Kwa mtoto wa miezi ya kwanza, zoezi ni kumlaza kifudifudi kwa dakika chache mara kadhaa kwa siku, akiwa macho na mtu akimwangalia, ili shingo ikaze. Wakati wa kulala alazwe chali.

Ni kweli kwamba watoto hutofautiana, na aliyezaliwa kabla ya muda huhesabiwa tangu tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa. Lakini maneno “atakuwa tu” yamewachelewesha watoto wengi. Mtoto wa miezi miwili asiyeshtuka kwa sauti kubwa na asiyefuata kitu kwa macho, wa miezi mitatu asiyemtabasamia mtu, wa miezi minne ambaye kichwa bado kinaanguka, au yeyote aliyepoteza alichokuwa akikiweza, asingojewe. Siku za chanjo, wiki ya 6, ya 10 na ya 14, muuguzi yupo na kijitabu cha mama na mtoto kiko mkononi. Mfungulie ukurasa wa hatua za ukuaji, umwambie ulichokiona nyumbani, kwa kuwa yeye humwona mwanao kwa dakika chache tu.